Pwani ya 1900 au studio ya 1968: uchague ipi kwa picha zako za urembo

Wengi wanaopanga picha za urembo zenye ladha ya zamani huku pwani huishia kwenye njia mbili. Ya kwanza ni Unguja, Lamu na Mombasa za miaka ya 1890 hadi 1910: kisutu (kanga ya nyekundu, nyeusi na nyeupe), kipini cha puani, majasi ya masikioni, wanja, hina, mlango wa kuchonga. Ya pili ni studio za picha za miaka ya 1960 hadi mwanzo wa 1970: pazia, sakafu ya miraba myeusi na myeupe, nywele zilizopandishwa juu, wanja wenye mkia, taa kali usoni. Zote mbili ni zetu, na zote zinaweza kutoka za kisasa kabisa. Ila haziombi vitu sawa. Ya kwanza inakula muda, ya pili inakula taa. Anayechagua kwa sababu tu ameipenda picha fulani mtandaoni ndiye anayejikuta saa kumi jioni hina haijakolea na mwanga umeshahama dirishani.

Nani alikuwa anaamua mkao

Picha nyingi za mwaka 1900 tunazozijua zilitoka kwenye studio za Unguja kama ile ya A. C. Gomes na ya ndugu wa Coutinho, na nyingi zilichapishwa kuwa postikadi za kuuziwa wageni. Mwanamke wa kwenye kadi mara nyingi hana jina. Kaandikwa kabila lake au uzuri wake, basi. Utumwa ulifutwa kisheria Unguja mwaka 1897 na pwani ya Kenya mwaka 1907, kwa hiyo hatuwezi kudhani kwamba kila aliyekaa mbele ya kamera ile alikuwa na uwezo wa kukataa.

Hili linagusa kazi yako moja kwa moja. Kutoka kwenye postikadi chukua kitambaa, vito, wanja na namna ya kufunga kanga. Mkao uache. Mkao wa kulazwa ubavu mkekani, au wa kushikishwa mtungi bila sababu, ulipangwa kumfurahisha mnunuzi wa kadi, na ukiuiga, picha yako itabeba jicho la mnunuzi yule hata kama vazi lote ni sahihi. Mpe modo kiti, mgongo wima, macho kwenye lenzi.

Wapo pia waliojipangia wenyewe. Sayyida Salme, binti wa Sultani Said, ana picha maarufu akiwa na mavazi ya kwao, na picha hiyo ilipigwa Hamburg baada ya yeye kuondoka Unguja mwaka 1866. Kuipanga historia mbele ya kamera hakukuanza leo.

Studio za miaka ya 1960 ni habari nyingine. Capital Art Studio ya Ranchhod Oza pale Unguja, iliyoanza mwaka 1930, studio ya Parekh Mombasa, ya Bakor Lamu: humo mteja aliingia na nguo zake, akachagua pazia, akakaa anavyotaka, akalipa, akarudi baadaye kuchukua picha yake. Mikao ya huko unaweza kuiiga bila wasiwasi, maana ni watu waliojionyesha walivyotaka kuonekana: kidevu kimeegemea kiganja, bega moja mbele, macho juu kidogo kuelekea taa.

Sahani ya kioo na filamu hazikuona rangi sawa

Hapa ndipo njia hizi mbili zinapoachana kabisa, na ndipo wapambaji wengi hawaangalii.

Sahani za kioo za karne ya 19 hazikuona rangi nyekundu. Zilipokea buluu kwa urahisi, kwa hiyo buluu ilitoka karibu nyeupe na nyekundu ikatoka nyeusi. Ngozi yetu ina nyekundu na chungwa nyingi ndani ya kahawia yake, ndiyo maana kwenye picha zile sura huonekana nyeusi kuliko ilivyokuwa, na kila doa linajitokeza. Filamu ya miaka ya 1960 iliona rangi zote. Nyekundu ya mdomo ikawa kijivu cha katikati, na ngozi ikalainika.

Ukitaka picha ya nyeusi na nyeupe yenye sura ya 1900, kwenye programu ya kuhariri unashusha nyekundu na chungwa na kupandisha buluu. Sasa fikiria umemvika modo kisutu. Kisutu ni nyekundu, nyeusi na nyeupe. Ukishusha nyekundu, inazama kwenye nyeusi, na ile nakshi uliyoihangaikia sokoni inageuka bapa la giza lenye vidoa vyeupe. Lipstiki nyekundu inakuwa kama masizi. Chunusi iliyofichwa kwa konsila inarudi, kwa sababu konsila imeificha kwenye rangi, siyo kwenye nyeusi na nyeupe iliyoshushwa nyekundu.

Jaribio lake ni la dakika 5. Kabla ya kununua, piga kanga picha kwa simu karibu na dirisha, igeuze nyeusi na nyeupe, vuta kitelezi cha nyekundu hadi chini. Nakshi ikibaki inasomeka, chukua. Ikizama, ama utafute kanga ya nyeupe na nyeusi, ama nyeupe na buluu iliyokoza sana, ama ukubali kupiga kwa rangi. Kwa kisutu ushauri wetu ni mmoja: piga kwa rangi. Wekundu wake ndio uzuri wake.

Kwa 1968 mambo ni mepesi. Geuza nyeusi na nyeupe, pandisha chungwa kidogo, ngozi inatulia. Kidogo tu. Ukipandisha sana unamchubua mtu kwa kompyuta, na ngozi nyeusi iliyopaushwa hutoka ya kijivu kama majivu. Ukipenda ladha ya picha zilizopakwa rangi kwa mkono, weka safu ya rangi juu ya mashavu, mdomo na gauni, uzito wa asilimia 20 hadi 30, na usiguse ngozi nyingine.

Dirisha au taa

Vitabu vya Ulaya husema tafuta dirisha linaloangalia kaskazini, jua haliingii humo. Kwa Unguja, iliyo nyuzi 6 kusini mwa ikweta, kanuni hiyo inakudanganya nusu ya mwaka. Kuanzia Machi hadi mwanzoni mwa Oktoba jua la mchana liko upande wa kaskazini. Ukipanga kazi Juni au Julai, tafuta dirisha linaloangalia kusini. Ukipanga Desemba au Januari, la kaskazini. Mombasa, Lamu na Dar ni vivyo hivyo. Katika vichochoro vya Mji Mkongwe, ukuta mweupe wa jirani nao hurudisha mwanga, na wakati mwingine unakuwa bora kuliko anga lenyewe. Ukuta wa manjano au wa kijani, hata hivyo, utapaka shavu rangi hiyo.

Kwa njia ya 1900 dirisha moja linatosha. Mweke modo mita 1 kutoka dirishani, pembeni yake, uso umegeuzwa robo kuelekea mwanga, kadibodi nyeupe ya mita 1 upande wa pili. Kwenye kamera anza na ISO (wepesi wa kupokea mwanga) 400, uwazi wa lenzi f/4, kasi ya sekunde 1/125. Zima kila balbu ya chumbani: mwanga wa dirisha una ubuluu, balbu ya nyumbani ina uchungwa, na vikikutana kwenye uso mmoja hakuna uhariri utakaovitenganisha vizuri. Kama dirisha halipo, softiboksi, yaani boksi la kitambaa la kulainisha taa, ya sentimita 120 hadi 150 itafanya kazi ile ile.

Studio ya 1968 inataka taa zisizopungua 2, na 3 ni bora. Taa kuu iwe ndogo na kali: sahani ya urembo (bakuli la chuma linalofungwa mbele ya flashi) ya sentimita 40 hadi 55, juu ya kamera, kama mita 1 kutoka usoni, imeinamishwa hadi kivuli kidogo kitokee chini ya pua. Kivuli kikigusa mdomo, taa iko juu mno. Ya pili nyuma ya bega, imezibwa pembeni isimwagikie lenzi, kwa ajili ya nywele. Ya tatu, au kadibodi, ya kupunguza giza chini ya kidevu. ISO 100, f/8, sekunde 1/125. Ukipandisha kasi kupita 1/200 au 1/250, kutegemea kamera, utaona mstari mweusi unakata picha: pazia la ndani ya kamera linakuwa limefunika sehemu ya picha wakati flashi inawaka.

Ngozi nyeusi chini ya taa kali hung'aa, na huo mng'ao ndio unaochora shavu. Usiuue. Poda iende paji la uso, pembeni mwa pua na kidevuni tu. Halafu piga picha moja ya flashi kabla ya kuendelea, kwa sababu baadhi ya poda nyeupe zisizo na rangi, na mafuta mengi ya kukinga jua, hayaonekani kwa macho lakini hurudisha flashi na kumwacha modo na vumbi jeupe usoni.

Kanga, vito na maua

Kanga mpya ina wanga, inasimama kama karatasi. Ifue mara 1 au 2, ipige pasi ikiwa na unyevu, ndipo itaanguka vizuri mwilini. Nunua doti nzima, moja ya kifuani na moja ya kichwani au begani, na kama modo ni mrefu au amejaa nunua doti 2 za aina moja, maana upana wa kanga ni kama mita 1 na kidogo tu. Hakikisha ni pamba: chomoa uzi mmoja uuchome. Pamba hunuka karatasi iliyoungua na kuacha majivu; poliyesta huyeyuka ikawa kijishanga kigumu, na chini ya mwanga itang'aa kama plastiki.

Soma jina la kanga kabla hujaikunja. Watazamaji wako watalisoma, na fumbo la kumsuta jirani chini ya uso wa bibi harusi linabadilisha picha nzima. Kwa usahihi wa kihistoria, kanga za mwanzo zenye maandishi zilitumia herufi za Kiarabu, kwa hiyo jina la herufi za Kirumi linaisogeza picha mbele miaka mingi. Njia nyepesi ni kuufunga ule upande kwa ndani.

Majasi ya zamani yalikuwa visahani vya karatasi za rangi zilizoviringishwa, vikikaa kwenye tundu la sikio lililopanuliwa. Modo wa leo hana tundu hilo. Viringisha karatasi upate kisahani cha sentimita 2 hadi 3, ukigundishe kwenye kibanio cha hereni. Usitumie mbao wala shaba, vitavuta sikio na kudondoka kila akigeuka. Kipini kwa asiyetoboa pua hushikwa na gundi ya kope za bandia. Gundi nyingine yoyote iache mbali na pua.

Kikuba, yaani kishada cha asumini na mrehani, ni kitu cha jioni. Asumini huchumwa ikiwa vitumba, hufunguka usiku, na kesho yake adhuhuri kingo zimeshakuwa kahawia. Kwa picha za asubuhi, chukua vitumba jioni ya jana, vifunge kwa kitambaa chenye unyevu, weka kwenye boksi la barafu bila kugusa barafu yenyewe, na utunge kikuba saa moja kabla. Harufu haionekani kwenye picha, lakini modo aliyefukizwa udi na kuvishwa kikuba anakaa tofauti. Mabega yanashuka.

Hina na wanja

Hina ya kweli haina haraka. Ikae mikononi saa 6 hadi 8, ipakwe sukari na ndimu isikauke na kubanduka, ikikwanguliwa isiguswe na maji hadi kesho yake. Siku ya kwanza itakuwa ya chungwa. Siku ya pili inakuwa kahawia iliyoiva. Kwa hiyo ipakwe saa 48 kabla ya kamera, siyo usiku wa kuamkia. Anayekuambia ataipata nyeusi kwa nusu saa anazungumzia piko, na piko nyingi zina dawa ya kutia nywele rangi inayoweza kubabua ngozi na kuacha makovu. Usimpake modo piko kwa ajili ya picha. Kwa ladha ya zamani, ncha za vidole zilizokolea zinatosha na zinasomeka vizuri kuliko maua madogo madogo, ambayo kwa mbali huonekana kama uchafu.

Wanja wa manga wa kienyeji unaweza kuwa na risasi, tena machoni. Tumia penseli laini nyeusi ya duka linaloaminika, pitisha ndani ya kope za chini na za juu, sugua kidogo kwa usufi. Nyusi ziache zilivyo. Midomo ipate wekundu kidogo wa kahawia, kama wa mtafuna tambuu, umefifia pembeni bila mstari. Ngozi ilainishwe kwa mafuta mepesi, faundesheni pale inapohitajika tu.

Uso na kichwa cha 1968

Huku faundesheni ni kamili, wanja una mkia, kope za bandia juu, na mstari wa kahawia kwenye mkunjo wa kope. Kosa la kawaida ni mdomo mweupe: picha za Ulaya za miaka hiyo zina midomo ya waridi hafifu, na ukiipaka hivyo kwenye ngozi nyeusi inatoka kama ya mtu mwenye baridi. Zungushia penseli ya kahawia, katikati weka rangi ya karameli.

Nywele zina njia tatu. Afro yake mwenyewe, ikiwa ipo, ndiyo bora na haina gharama. Nyuzi, yaani nywele zilizozungushiwa uzi mweusi na kuinamishwa kama matao, ni zetu kuliko mtindo wowote wa enzi ile, na kwenye picha ya kisasa huvuta macho mno kwa uzuri wake. Mpe msusi saa 2 hadi 4. Ya tatu ni wigi la kupandishwa juu: suka mistari 4 hadi 6 chini, jaza soksi nywele bandia, iweke utosini, tifua wigi juu yake hadi sentimita 8 au 10. Likilala upande baada ya picha 10, sababu ni kwamba pini zimeshika wigi peke yake. Zipitishe kwa kukatana, zishike na msuko wa chini.

Kwa gauni, kitenge kilichoshonwa kunyooka bila kubana kiuno, juu kidogo ya goti. Yadi 3 zinatosha. Ujue unachokivalisha: Dar es Salaam mwaka huo huo wa 1968 Umoja wa Vijana wa TANU, chama tawala cha Tanzania Bara wakati huo, ulitangaza Operesheni Vijana, iliyoanza Januari 1969, ikipinga minisketi, mawigi, suruali za kubana na dawa za kujichubua. Gauni fupi la enzi ile lilikuwa na ubishi ndani yake. Mwambie modo habari hiyo kabla hajakaa. Itaonekana kwenye kidevu.

| | Pwani ya 1900 | Studio ya 1968 |
|---|---|---|
| Maandalizi kabla ya siku | siku 2 (hina), jaribio la kanga | nusu siku, kushona gauni kando |
| Kumwandaa modo | saa 3 hadi 4 | saa 2 na nusu, zaidi kwa nyuzi |
| Mwanga | dirisha 1 na kadibodi | taa 2 au 3 |
| Mahali | nyumba yenye ruhusa ya mwenyewe | chumba cha mita 4 kwa 5 |
| Rangi | bora kwa rangi | bora kwa nyeusi na nyeupe |
| Kinachoharibika mara nyingi | vito kudondoka, mwanga kuhama | flashi kupausha uso, wigi kuinama |

Mahali na msimu

Mlango wa kuchonga ni wa mtu. Bisha hodi siku moja kabla, kubaliana malipo, uliza saa za sala na uepuke Ijumaa mchana. Mji Mkongwe uko kwenye orodha ya urithi wa dunia tangu mwaka 2000 na Mji wa Kale wa Lamu tangu 2001. Kwa kazi ya biashara ulizia kibali mapema kwa mamlaka zinazosimamia miji hiyo. Picha za kanga kifuani bila kitu begani zipigwe ndani ya nyumba, siyo kichochoroni ambako watu wanapita kwenda msikitini. Masika, Machi hadi Mei, njia ya 1900 inakuwa bahati nasibu. Ya 1968 haijali mvua, inajali umeme, kwa hiyo betri za flashi zichajiwe zote.

Studio ya 1968 huijenga popote. Pazia zito la mita 3, zulia la plastiki la miraba linalouzwa kwa mita, stuli, redio ya zamani au simu ya mezani. Kimoja, siyo vyote. Modo akae sentimita 70 mbele ya pazia ukitaka kivuli cha enzi ile nyuma yake, au mita 2 ukitaka pazia safi.

Kwa hiyo, ipi

Kama mko watu 3, siku ni moja na mnazo taa, chukueni 1968. Inasamehe makosa, na picha ikikataa unairudia baada ya dakika 10. Modo mgeni huiweza pia, kwa sababu mikao yake ina jambo la kufanya kwa mikono. Kama mna siku 3, mchora hina, msusi, nyumba yenye dirisha zuri na modo anayeweza kutulia, 1900 itawapa picha ambayo taa haiwezi kuitengeneza. Kwa picha za bidhaa, hasa vipodozi, 1968 tena: uso umejaa fremu na rangi zinadhibitika. Kwa vito na vitambaa, 1900.

Usizichanganye. Wigi la 1968 juu ya kisutu halizai mtindo mpya, linazaa swali. Usasa uingie kwa mlango mwingine: fremu iliyobanwa hadi nyusi na kidevu, ngozi yenye vinyweleo vyake, ukuta mtupu badala ya fanicha. Kwa kila vazi piga kwanza picha 20 zenye kila kitu, kisha ondoa kitu kimoja kila baada ya picha 5, uone fremu inabaki imesimama hadi wapi. Mara nyingi ile ya kipini na wanja tu, bila mlango wala mkeka, ndiyo inayochaguliwa.

Na kwenye karatasi ya ridhaa anayosaini modo, acha mstari wa jina lake kama anavyotaka liandikwe chini ya picha. Lijazwe kabla ya kuwasha kamera.